Kalambya Sisters na Maisha Mafupi ya Makundi ya Waimbaji

Historia ya muziki wa dansi nchini Kenya imeandikwa kwa kiasi kikubwa kama historia ya wapiga gitaa, na kwa sababu hiyo waimbaji wasioshika ala yoyote wamebaki pembezoni mwa simulizi, wakitajwa kwa sentensi moja au mbili baada ya kiongozi wa bendi kupewa kurasa zake. Kalambya Sisters, kundi la wanawake lililoimba likisindikizwa na bendi ya Kalambya Boys iliyoongozwa na Onesmus Musyoki, ni mfano mzuri wa hali hiyo. Katika miaka ya 1980 wimbo wao wa Kikamba uitwao “Katelina” ulivuka mipaka ya Ukambani, ukasikika nchi nzima na hatimaye ukachapishwa Ulaya, lakini kundi la awali lilivunjika, na leo wengi wanaoufahamu wimbo huo hawawezi kumtaja hata mmoja wa walioutolea sauti. Maelezo ya kawaida kuhusu makundi ya namna hii ni kwamba bahati iliwapitia mara moja tu, kisha kipaji kikawaishia. Maelezo hayo hayatoshi, kwa kuwa ufupi wa maisha ya makundi ya waimbaji ulitokana zaidi na jinsi biashara ya santuri ilivyojengwa kuliko uwezo wa waimbaji wenyewe.

Ili kuliona jambo hilo vizuri, yafaa kutazama kwanza mahali ambapo makundi ya waimbaji yalizuka na kutoweka kwa mamia, yaani miji ya Marekani katika miaka ya 1950. Vijana weusi wa New York, Philadelphia, Baltimore na Chicago walibuni mtindo ulioitwa baadaye duwopu, ambamo waimbaji wanne au watano waligawana kazi iliyopaswa kufanywa na ala: mmoja aliongoza kwa sauti ya juu, mwingine alishuka chini kabisa na kushika nafasi ya besi, na waliobaki walijaza katikati kwa silabi zisizo na maana maalumu, zilizotamkwa kwa mapigo kama vile ngoma inavyopigwa. Gharama ya kuanzisha kundi ilikuwa ndogo sana, kwa kuwa hapakuhitajika gitaa wala piano. Kona ya barabara, ngazi za jengo la ghorofa au choo cha shule chenye mwangwi mzuri vilitosha kwa mazoezi. Kundi la Orioles la Baltimore lilirekodi mwaka 1948 wimbo unaohesabiwa miongoni mwa misingi ya mtindo huo, na mwaka 1954 kundi la Chords la mtaa wa Bronx likatoa “Sh-Boom”, wimbo ambao muda mfupi baadaye ulirudiwa na Crew-Cuts, kundi la Wazungu kutoka Kanada, na marudio hayo yakauza kuliko wimbo wa wenyewe. Chords hawakupoteza soko tu. Ilibainika kwamba kundi jingine lilikuwa tayari limerekodi kwa jina hilo hilo, wakalazimika kujiita Chordcats, kisha Sh-Booms, na hawakupata tena wimbo uliokaribia ule wa kwanza.

Jina, kwa hiyo, lilikuwa mali yenye thamani kubwa kuliko ilivyoonekana. Wamarekani walijiita kwa majina ya ndege, kama Orioles, Ravens, Penguins na Flamingos, au kwa majina ya magari ya kifahari, kama Cadillacs na Impalas. Wanamuziki wa Ukambani walifuata njia nyingine kabisa, wakajiita kwa majina ya kwao. Kilimambogo Brothers ya Kakai Kilonzo ilichukua jina la mlima ulio upande wa Thika, Lower Mbooni Boys ikachukua jina la milima iliyoko Makueni, na Mitaboni Sisters wakajitambulisha kwa Mitaboni ya Machakos. Maneno ya Kiingereza yaliyofuata jina la mahali, yaani Boys, Brothers au Sisters, hayakumaanisha lazima watoto wa tumbo moja. Yalikuwa ni alama ya biashara iliyomwambia mnunuzi kama atasikia sauti za kiume au za kike. Mkamba aliyekuwa akifanya kazi Nairobi au Mombasa, akiiona lebo yenye jina la kilima cha kwao, alikuwa ameshauziwa nusu ya santuri kabla haijapigwa.

Eneo linalohusika linahitaji kuelezwa kidogo, kwa sababu ramani ya utawala imebadilika. Wakati Kalambya Sisters wakirekodi, Makueni ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos, na ilifanywa wilaya ya peke yake mwaka 1992 kabla ya kuwa kaunti chini ya Katiba ya 2010, ilhali Kitui, iliyoko ng'ambo ya mto Athi upande wa mashariki, ilikuwa na utawala wake tangu enzi za ukoloni. Masimulizi ya Wakamba wenyewe yanaianzia historia yao Nzaui na milima ya Mbooni, zote katika Makueni ya leo, ambako baadhi ya watu walitoka wakavuka Athi na kuenea Kitui. Lahaja zinatofautiana kati ya ng'ambo hizo mbili kiasi cha watu kutaniana, lakini wimbo wa Kikamba unaeleweka pande zote, na ndiyo maana soko la bendi hizi lilianzia Mwingi hadi Kibwezi bila kujali mpaka wa wilaya.

Uimbaji wa pamoja wa wanawake haukuletwa na santuri. Paul Kavyu, mtaalamu aliyechapisha mwaka 1977 kitabu cha utangulizi kuhusu muziki wa Wakamba, aliandika juu ya utamaduni ambamo karibu kila shughuli ilikuwa na wathi wake, yaani wimbo uliofungamana na mchezo wa ngoma. Katika kilumi, ngoma ya wanawake watu wazima inayohusishwa na mizimu na kuombea mvua, wanawake ndio wanaopiga ngoma na ndio wanaoimba. Katika michezo ya vijana alikuwapo ngui, mtunzi na kiongozi wa wimbo, ambaye umaarufu wake ulitegemea uwezo wa kuyaweka mambo ya kijiji katika mafumbo makali, akimtaja mlevi, mvivu au mzinzi kwa namna iliyowafanya wasikilizaji wacheke na mhusika ajifiche. Halafu kulikuwa na mwethya, vikundi vya kufanya kazi kwa zamu ambavyo wanawake wa Machakos na Kitui walivitumia kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo na kujenga mabwawa ya mchanga: mmoja alianzisha mstari, wengine wakaupokea majembe yaliposhuka, na wimbo ukaendelea kwa saa nyingi bila ala yoyote isipokuwa chuma kikigonga ardhi kavu. Anayetafuta Ukambani kitu kinachofanana na kona za barabara za Harlem ya New York, mahali ambapo sauti zilifundishwa kukaa pamoja bila mwalimu wala malipo, ataanzia hapo, na pia katika kwaya za makanisa, ambazo zilienea mapema katika eneo hili.

Gitaa lilikuja kwa njia nyingine. Wakamba waliandikishwa kwa wingi katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia askari waliorejea walikuja na kodiani, magitaa na mazoea ya kusikiliza santuri. Kufikia miaka ya 1970 benga, mtindo wa gitaa uliokomazwa na Waluo wa kando ya Ziwa Victoria, ulikuwa umeenea nchi nzima, na Wakamba wakauchukua na kuugeuza ufanane na uimbaji wao. Katika benga ya Kikamba gitaa la solo hufuata sauti ya mwimbaji kwa karibu sana, likijibu kila mstari, huku gitaa la pili likipiga mfululizo wa noti nyepesi za haraka katika sauti ya juu na ngoma kubwa ya miguu ikidunda kila pigo bila kuruka. Matokeo yake ni muziki wenye mwendo wa kasi ambao hata hivyo hausikiki mzito, na uwazi huo wa juu, ambao magitaa hayakuujaza, ndio uliowaachia nafasi waimbaji wa kike.

Biashara yenyewe ilikuwa Nairobi, katika barabara ya River Road na vichochoro vyake, ambako watayarishaji, ambao wengi wao walikuwa pia wenye maduka ya santuri, walikodi studio, wakaipeleka kanda kiwandani na kuuza bidhaa kwa mafungu kwa wachuuzi waliozisambaza hadi masoko ya vijijini. Bidhaa iliyotawala ilikuwa santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, yenye tundu pana katikati na nyimbo upande na upande. Kwa kuwa upande mmoja ulichukua dakika chache tu, wimbo wa benga uligawanywa mara mbili: sehemu ya kwanza ilibeba beti na kisa, msikilizaji akageuza santuri, na sehemu ya pili ikayaachia magitaa kukimbia huku waimbaji wakirudi mara kwa mara na kiitikio. Mgawanyo huo ulimtukuza mpiga gitaa, kwani nusu nzima ya bidhaa ilikuwa yake. Kwa Kalambya mizani iliegemea upande mwingine, na hapo ndipo upekee wao ulipo, kwa kuwa sauti ndizo zilizonunuliwa.

“Katelina” ni kisa cha kuchekesha cha msichana apendaye uki, pombe ya kienyeji ya Wakamba, ambaye mapenzi yake kwa kinywaji hicho humletea mimba mwaka baada ya mwaka. Maudhui hayo ni ya ngui kabisa: mtu mmoja anatajwa kwa jina, kosa lake linajulikana kwa kila msikilizaji, na hukumu inatolewa kwa kicheko. Lakini kisa hicho kingeimbwa na mwanamume mmoja mwenye sauti nzito kingekuwa kemeo la mzee kwa binti. Kalambya Sisters walikiimba wote kwa pamoja, kwa sauti nyembamba, laini na ya juu mno, iliyovutwa kidogo mwishoni mwa mistari kama paka anayedai maziwa, na kwa hiyo msikilizaji hawezi kujua mara moja kama wanamsema Katelina, wanamwonea huruma au wao wenyewe ndio Katelina. Ujanja wa wimbo wote umo katika utata huo. Hawakugawana sauti kwa ngazi kama watu wa duwopu, wala hapakuwa na besi ya mdomo, maana besi ilikuwa ya waya. Walichofanya ni kuziyeyusha sauti kadhaa hadi zikawa sauti moja yenye unene ambao mwimbaji mmoja hawezi kuutoa.

Sifa hiyo ya kisanaa ndiyo iliyokuwa udhaifu wao wa kibiashara. Kundi ambalo uzuri wake ni kutotofautisha sauti ya huyu na ya yule ni kundi ambalo mwanachama wake anaweza kubadilishwa bila mnunuzi kugutuka, na wenye mali katika tasnia ya muziki wamelijua jambo hilo siku zote. Huko Marekani mwaka 1958 George Treadwell, meneja aliyemiliki jina la Drifters, aliwafukuza waimbaji wote wa kundi hilo kwa mkupuo mmoja, akawachukua vijana wa kundi jingine lililoitwa Five Crowns, akiwamo Ben E. King, na kuwatangaza kuwa ndio Drifters. Biashara ikaendelea na tena ikanoga. Mwaka 1962 mtayarishaji Phil Spector alitoa “He's a Rebel” kwa jina la Crystals ilhali walioimba ni Darlene Love na wenzake wa Blossoms, na Crystals wenyewe, waliokuwa New York, wakajikuta na wimbo wa kwanza kwa mauzo ambao hawakuuimba. Afrika Kusini nako, Mahotella Queens, waliokusanywa mwaka 1964 na mtayarishaji Rupert Bopape, walirekodi kwa majina mengi tofauti kulingana na mahitaji ya kampuni. Katika mifano yote hiyo sauti ni za wanawake au vijana, na jina ni la mwanamume mwenye ofisi.

Kalambya Sisters hawakuwa na bendi yao. Walikuwa na bendi ya Kalambya Boys, na jina lenyewe lilitangulia kuwa la Boys. Mpangilio huo haukuwa uovu wa mtu mmoja, kwani ndio uliokuwa desturi ya kazi: kiongozi ndiye aliyekuwa na ala au aliyejua pa kuzikodi, ndiye aliyezungumza na mtayarishaji, na ndiye aliyegawa kilichopatikana. Malipo ya kawaida ya mwitikiaji katika mfumo wa River Road yalikuwa fedha taslimu za siku ya kurekodi, bila mrabaha, yaani bila sehemu ya mapato ya kila nakala inayouzwa baadaye. Wimbo ukilala, mwitikiaji hakupoteza kitu. Ukivuma miaka arobaini, hakupata kitu. Frankie Lymon, mvulana aliyeongoza kundi la Teenagers la Harlem katika wimbo uliotamba mwaka 1956 akiwa na umri wa miaka 13, alijitenga na wenzake mwaka uliofuata kwa matumaini kwamba jina lake peke yake lingeuza, akafa mwaka 1968 akiwa na miaka 25, na kesi za haki za wimbo ule ziliendelea mahakamani hadi miaka ya 1990. Waitikiaji wa River Road hawakuwa hata na karatasi ya kupeleka mahakamani.

Wakati nao haukuwa mwema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Ukambani ulipita katika njaa ambayo watu waliiita Nikw'a Ngwete, kwa maana kwamba mtu angekufa akiwa ameshika fedha mkononi, kwa kuwa chakula hakikuwapo hata kwa mwenye kununua, na ukame wa mwaka 1984 ukaigusa Kenya nzima. Familia iliyotegemea hela za mtu wa Nairobi haikuwa tena mnunuzi wa santuri kila mwezi. Wakati huo huo kaseti ilikuwa inaingia, na kaseti, tofauti na santuri iliyohitaji kiwanda, ilinakiliwa na yeyote mwenye redio ya kaseti mbili, ikauzwa stendi ya basi kwa bei ambayo mtayarishaji halali hakuweza kushindana nayo. Chama cha Hakimiliki ya Muziki nchini Kenya, MCSK, kilianzishwa mwaka 1983, lakini uharamia ulikuwa na kasi kuliko ukaguzi, na kufikia mwisho wa muongo huo santuri ndogo ilikuwa imekufa kama bidhaa. Kakai Kilonzo, aliyeimba mara nyingi kwa Kiswahili ili asikike nje ya Ukambani na aliyekuwa mhimili wa muziki huo, alifariki mwaka 1987, na pigo hilo lilikuja wakati ambapo soko lenyewe lilikuwa linayumba.

Kwa mwimbaji wa kike yaliongezeka mambo ambayo hayaandikwi kwenye lebo. Bendi iliishi kwa maonyesho ya usiku katika mabaa ya miji midogo kama Wote, Emali, Mtito Andei, Mwingi na Kitui, na mwanamke aliyeonekana jukwaani usiku, tena akiimba kuhusu Katelina, alihesabiwa kuwa ndiye Katelina. Mwanamume aliyeoa aliendelea kuwa mwanamuziki. Mwanamke aliyeolewa aliulizwa ataacha lini. Si ajabu kwamba makundi ya namna hii yalibadilika sura haraka, wala haihitajiki hadithi ya ugomvi kueleza kuvunjika kwao, ingawa wapenzi wa muziki huzipenda hadithi hizo.

Mtindo ulidumu kuliko kundi. Makundi mengine ya wanawake, Mitaboni Sisters wakiwa miongoni mwao, yaliendeleza uimbaji ule wa sauti nyembamba juu ya gitaa la haraka, na kampuni ndogo ya Zensor ya Berlin Magharibi ilichapisha “Katelina” kwa wasikilizaji wa Ujerumani, wakati ambapo Wazungu walikuwa wameanza kuzitafuta santuri za Afrika. Baadaye vituo vya redio vya Kikamba, kama Musyi FM na Mbaitu FM, vilizirejesha hewani nyimbo za zamani pamoja na za vijana wapya, na wasikilizaji waliozaliwa baada ya santuri kutoweka wakazifahamu sauti hizo kutoka matatu na simu za mkononi. Katika benga ya Kikamba ya miaka ya karibuni, ambayo Ken wa Maria ni mmoja wa nyota wake, mwimbaji ni mmoja, mwanamume, mwenye jina kubwa kwenye bango, na wanawake wako nyuma yake wakicheza na kuitikia. Kundi la wanawake linalosimama mbele na bendi ikiwa nyuma, kama Kalambya walivyosimama katika rekodi zao, limekuwa jambo la nadra zaidi kuliko lilivyokuwa miaka arobaini iliyopita.

Sheria imebadilika pia, ingawa kwa kuchelewa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inazitambua haki za waigizaji wa kazi za sanaa, yaani wale wanaoimba au kupiga ala katika rekodi hata kama hawakuutunga wimbo, na kiliundwa chama cha kukusanya mirabaha kwa niaba yao, PRISK. Malipo hayo hufuata orodha: jina la wimbo, jina la mtunzi, majina ya walioshiriki. Kwa rekodi ya River Road ambayo lebo yake ilitaja bendi peke yake, mwitikiaji anayedai sehemu yake analazimika kwanza kuthibitisha kwamba moja kati ya zile sauti zilizochanganywa makusudi zisitofautike ni ya kwake.